Hatukupimi Wewe, Tunapima Tovuti

Oswin alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua mchele jikoni. Alisema, "Gau, Skola hayupo tena. Homa ya siku chache tu. Wanazika kesho, Lipingo." Kisha simu ikakatika yenyewe. Kesho yake alfajiri tulikutana stendi ya Mbinga, yeye na kipara chake nilichokuwa sijawahi kukiona, mimi na khanga begani, tukapanda gari la kushuka Nyasa. Pale Tingi, gari liliposimama watu wanunue ndizi, aliniuliza kama nakumbuka chumba cha nyuma cha duka la Bwana Seif. Nilimjibu kwamba nakumbuka. Sikumwambia kuwa tangu simu yake ikatike sikuwa nimekumbuka kitu kingine. Mtu akifa, unategemea akujie akicheka au akiimba, na Skola aliimba kuliko sisi sote. Lakini aliyenijia mimi alikuwa Skola wa kidato cha tatu, ameketi mbele ya kompyuta, shingo imenyooka, anatafuta kitu ambacho wote tuliokuwa chumbani tulikuwa tunakiona.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vitambaa. Bwana Seif alikuwa mtu wa pwani aliyefika Mbinga kijana, akazeekea hapohapo. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mtu aliionja kwa namna yake. Kahawa ambayo wazee walizoea kuipeleka ushirika sasa ilinunuliwa na watu binafsi, waliokuja na mizani yao na kuondoka nayo, na bei ilishuka msimu hadi msimu. Lakini dukani kwa Bwana Seif vitu vilijaa mpaka dari: redio, chupa za chai, viatu vya plastiki, na hatimaye kompyuta mbili alizozifuata Dar es Salaam, akaziweka katikati ya majora ya vitenge. Jenereta lilinguruma uani. Mtandao ulikuja kwa laini ya simu, siku ukiamua kuja. Mle ndani kulinuka mafuta ya jenereta na kitambaa kipya, na juu ya vyote kulinuka vitumbua, maana mkewe, Bi. Mwanaisha, alivipika uani na moshi ulipita chini ya mlango. Sisi wa bwenini, ambao mchana tulikula makande na jioni tukala makande yaliyobaki, tulikaa pale tukimeza mate kabla kompyuta haijawaka.

Klabu yetu ilikuwa ya mazingira. Tulikuwa na kitalu cha miche nyuma ya jiko la shule, na mlezi wetu alikuwa Mwalimu Haule, kijana aliyetoka chuoni karibuni, mwenye shati moja zuri alilolivaa kila tulipokwenda mjini. Yeye ndiye aliyeleta wazo la tovuti. Shule moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta rafiki, na Mwalimu aliamini kwamba wakiona kitalu chetu kwenye mtandao wangetuletea kompyuta za kwetu wenyewe. Oswin alijifunza kwenye kitabu kilichochanika jalada, akatengeneza kurasa, akazihifadhi kwenye diski aliyoibeba kwenye mfuko wa kifuani. Sisi tulitaka zipandishwe mtandaoni siku ileile. Mwalimu alikataa. "Nyinyi mmezitengeneza, kwa hiyo mnajua kila kitu kilipo," alisema. "Mgeni hajui. Tumlete mgeni, tumpe kazi ndogo ya kutafuta, halafu tukae kimya tuone anapotelea wapi." Na kila mgeni aliambiwa maneno yaleyale kabla hajagusa chochote: "Hatukupimi wewe, tunapima tovuti. Ukikosea, kosa ni letu." Mimi niliwekwa kuketi kando ya mgeni, nitazame mikono yake na macho yake. Nilikatazwa kumsaidia. Nilikatazwa hata kuguna.

Wa kwanza alikuwa Bi. Mwanaisha, aliyeingia akifuta mikono yenye unga kwenye khanga. Kipanya, ambacho sisi tulikiita mausi, alikiinua juu akakielekeza kwenye skrini kama mtu anayemwelekeza kuku nje. Alipozoea, alibonyeza picha ya kitalu, akabonyeza tena, na tena. "Hii haifunguki?" aliuliza. Mwalimu alimwomba aendelee tu. "Sasa kama haifunguki, kwa nini mmeiweka mlangoni? Mtu akiona mlango anabisha." Oswin aliinamisha kichwa, lakini jioni ile picha ilifunguka. Tulicheka sana siku ile, na Bi. Mwanaisha alitupa vitumbua vilivyoungua pembeni. Nikitazama nyuma, naona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya furaha bila doa katika chumba kile, na hatukuijua, tukaila pamoja na vitumbua vyake na kuimaliza.

Skola alikuja wiki iliyofuata. Jina lake kamili lilikuwa Skolastika, mtoto wa mvuvi wa Lipingo, na alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Alikuwa wa kwanza au wa pili darasani, hakuwahi kuwa wa tatu. Hata hivyo, shuleni alikuwa na sifa mbaya ya maringo. Wasichana walisema ukimpita kando ukamsalimia haitikii, anakwenda kama malkia. Walisema pia kwamba anapenda visingizio: amepiga teke ndoo ya mtu kisimani, maji yote yamemwagika, naye anasema hakuiona. Kwangu hakuwa hivyo. Jua likizama alinishika mkono, na tulikwenda kila mahali tumeshikana, kwenye chakula, kwenye kujisomea, kanisani. Wenzetu walitutania kwamba sisi ni mapacha walioungana. Nilijivunia. Msichana mwenye akili kuliko wote, anayejua nyimbo zote za misa, alikuwa amenichagua mimi. Mpaka leo sijui ni kiasi gani cha mkono ule kilikuwa upendo na kiasi gani kilikuwa haja, na nimefika umri wa kujua kwamba vitu hivyo viwili huwa havitenganishwi.

Tulimchagua kwa sababu hakuwahi kugusa kompyuta. Mwalimu alimwambia maneno yake ya kawaida, naye akatabasamu. Kazi yake ilikuwa nyepesi: atafute siku ya mkutano ujao wa klabu. Orodha ya kurasa ilikuwa upande wa kushoto wa skrini, na neno "Mikutano" lilikuwa la tatu kutoka juu. Skola alisoma makaribisho yaliyokuwa katikati, yote, harakaharaka, pamoja na maandishi madogo ya chini ambayo hata Oswin aliyasoma kwa kukunja uso. "Siku ya mkutano haipo," alisema. Mwalimu alimwomba atazame tena. Alitazama tena. "Haipo, Mwalimu. Labda mmesahau kuandika." Nilikuwa nimeketi kushoto kwake, na kidole kiliniwasha nimwonyeshe, lakini nikakikalia. Alipoondoka, Oswin alisema tatizo ni rangi. Alikesha na kitabu chake, akaigeuza orodha kuwa ya bluu iliyokoza na herufi akazifanya kubwa kama za kwenye ubao wa duka.

Tulimwita tena. Orodha sasa ilionekana hata na mtu aliyesimama mlangoni. Skola alisoma katikati, akasema, "Haipo." Oswin alishindwa kuvumilia. "Anafanya makusudi huyu!" alisema. "Skola, kwa nini unatuchezea?" Nilimwona Skola akianza kukigeuza kichwa taratibu, kidogo kulia, kidogo kushoto, kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo ingawa kulikuwa na baridi ya Juni, ile baridi ya Mbinga inayoingia mpaka kwenye meno. Mwalimu Haule alimnyamazisha Oswin kwa mkono. Akaja akasimama nyuma ya kiti cha Skola, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akakinyoosha kando ya sikio lake la kushoto, karibu kabisa nami. "Skola," alisema kwa upole, "tazama katikati ya kompyuta, usigeuze kichwa. Nimeshika nini?"

"Wapi, Mwalimu?"

Mwalimu aliusogeza mkono mbele kidogo. "Sasa?"

"Sioni mkono."

Aliusogeza tena, polepole, mpaka chaki ikawa karibu kuigusa pua yake. "Chaki," Skola alisema. Mwalimu alihamia kulia, akarudia, na ikawa vilevile. Jenereta lilinguruma uani na Bi. Mwanaisha alikuwa anamwita mtu alete kuni. Skola alisema bila kugeuka: "Mlisema hamnipimi mimi." Sauti yake haikupanda. "Mwalimu, ulisema mnapima tovuti." Mwalimu Haule aliirudisha chaki mfukoni, ikamtoka, ikaanguka sakafuni, na hakuiokota.

Tulirudi shuleni kwa miguu, mimi na yeye, wengine mbele. Mchana ule hakunishika mkono. Nilimuuliza tangu lini, akaniambia tangu darasa la sita. Ilianza kwa giza, jua likizama tu haoni kitu, kisha pembe za mchana nazo zikaanza kuliwa. "Ni kama mtu unayechungulia kwenye mwanzi," alisema. "Ukinikalia mbele nakuona mpaka kope. Ukisogea, umekufa." Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alicheka kwa hasira. "Ningemwambia mtu, ningekuwa hapa?" Kisha akanieleza jambo ambalo hakuligusia tena mpaka tulipoonana Lipingo: mdogo wa baba yake, aliyeishi Mbaha, alianza hivihivi, na sasa anaongozwa na mtoto wa dada yake hata kwenda chooni. Nyumbani watu walisema baba mdogo alirogwa kwa wivu wa nyavu zake. Skola alikuwa ameshafikiri peke yake, kitandani chini yangu, na akajua kwamba si nyavu, ni damu ya ukoo.

Mambo baada ya hapo yalikwenda haraka kuliko tulivyoweza kuyafuata. Mwalimu Haule alimpeleka hospitali siku daktari wa macho alipopita, na daktari alimtia dawa ya kupanua mboni, akamulika jicho moja, kisha la pili. Alisema miwani haitasaidia na dawa haipo, hapa wala kwingine. Mwalimu alirudi na matumaini mengine: asomewe, apewe muda zaidi wa mitihani, itafutwe shule yenye walimu wa wasioona. Mkuu wa shule alimsikiliza, kisha akasema shule yake haina mwalimu wa namna hiyo, na akianguka kwenye ngazi za bweni nani atajibu? Shule ya wasioona iliandikiwa, haikujibu. Ikaamuliwa Skola arudi nyumbani "mpaka apate nafuu." Nakumbuka maneno hayo kwa sababu kila mtu aliyekuwa mle ofisini alijua kwamba nafuu haitakuja.

Baba yake alipanda mlima kumchukua. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa koti kubwa la kuazima, na alileta kikapu cha usipa, dagaa wakavu wa Nyasa, kwa ajili ya walimu, maana hakutaka kuingia shuleni mikono mitupu. Sisi tuliketi kwenye majani nje ya dirisha la ofisi na tulisikia yote. "Mkuu, mimi nilikuletea mtoto anayeona," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nilimleta mwenyewe, alinitangulia njiani. Leo unanirudishia asiyeona. Nataka kuelewa tu, Mkuu. Alikula nini? Aliguswa na nini?" Mkuu wa shule alisema ni ugonjwa, wala si kosa la mtu. "Ndiyo. Lakini nimesikia kwa watoto kwamba alikalishwa mbele ya mashine, na siku ileile ndiyo ikajulikana." Mkuu alikohoa. Sikumsikia akikana. Skola alitoka na sanduku lake la bati kichwani, baba yake mbele, na alipotupita hakutuaga. Nilikuwa nimekaa pembeni ya njia, kwa hiyo huenda hakuniona. Nimejipa jibu hilo mara nyingi.

Likizo ilipofika, mimi na Oswin tulishuka Nyasa kumtazama. Lori lilitubeba juu ya magunia ya mahindi, likapita Tingi, likateremka kona baada ya kona mpaka joto la ziwa likatupiga usoni, kisha tukamalizia kwa miguu kando ya maji. Oswin alibeba karatasi alizochora kurasa upya: orodha ameihamishia katikati, herufi kubwa, kila kitu kimepangwa kwenda chini badala ya kwenda pembeni. Alitaka Skola aseme kama sasa ingemfaa. Tulimkuta nyuma ya nyumba anatwanga muhogo. Alizijua sauti zetu, akaacha mchi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanishika mkono. Mama yake alitupikia ugali wa muhogo na mbasa, akatukaribisha ndani, kwenye chumba chenye nyavu zilizoning'inia ukutani na kitanda kimoja kilichojaa wadogo zake Skola. Walikuwa wanne, mkubwa anaanza kuota ndevu, mdogo bado ananyonya kidole. Skola alikula akiwa ametazama sahani moja kwa moja, kwa adabu, na aliuona mwiba wa samaki mdogo kuliko sindano, lakini kikombe cha maji kilichokuwa karibu na goti lake alikisukuma kikamwagika. Mama yake aliyafuta maji, kama mtu ambaye ameshafuta mengi.

Tulipomaliza kunawa, mama alituuliza. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu tufike. "Wanangu, nyinyi mlikuwepo. Niambieni kweli. Hiyo mashine ndiyo iliyomchoma macho?" Oswin, ambaye hakuwahi kuliacha swali bila jibu, aliweka karatasi zake chini. "Hapana, mama. Kompyuta haichomi macho. Daktari alisema ugonjwa huu uko kwenye—" Skola alimkatiza kwa Kinyasa, maneno makali ambayo hatukuyaelewa, kisha akasimama na kusema kwa Kiswahili kwamba anataka kutuonyesha ziwa. Tulipofika kwenye mchanga alisimama katikati yetu. "Msiseme hivyo tena nyumbani," alisema. "Mama kila asubuhi anawapanga wale wadogo zangu, anawanyooshea vidole huku na huku. Vingapi? Vingapi? Halafu anakwenda kulia jikoni. Kama ni mashine, basi si damu. Kama ni mashine, wao watapona. Mwacheni mama aamini mashine." "Lakini si kweli," Oswin alisema. "Najua si kweli," Skola alisema. "Ninyi mnaona. Ukweli mnaweza kuubeba." Alimwomba Oswin amweleze zile kurasa mpya, na Oswin akaanza, akaeleza orodha ilipo na picha ilipo, na Skola aliitikia, vizuri, vizuri, akiwa amelitazama ziwa. Kisha akasema hataki kurudi shuleni, tusihangaike, na akatuuliza juu ya miche kama ilinyeshewa.

Tulinyamaza kama alivyotaka, na habari ya mashine ikapanda mlima. Wazazi wa Mbinga waliwakataza watoto wao kukanyaga chumba cha nyuma cha duka. Mkuu wa shule aliona afadhali iwe hivyo kuliko kuulizwa maswali mengine, akaifunga klabu. Mwalimu Haule alikwenda na mimi kwa Bwana Seif kumwomba radhi. Tulimkuta anazifunika zile kompyuta kwa kitenge, na Bi. Mwanaisha amesimama mlangoni bila kusema neno, naye si mtu wa kukosa neno. "Mwalimu, mimi najua kompyuta haipofushi," Bwana Seif alisema. "Lakini mimi ni mgeni hapa hata nikikaa miaka mia. Mgeni hapingani na msiba wa wenyeji. Nitarudi kwenye vitambaa." Alitupa chai, hakutupa lawama. Muhula uliofuata Mwalimu Haule alihamishwa. Tovuti haikupandishwa kamwe. Nilijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne nikiwa na kitanda kitupu chini yangu kwa miezi mingi, mpaka alipoletwa msichana mwingine aliyekoroma.

Skola alipoteza kuona kote kabla hajafika miaka thelathini. Nilikwenda mara chache, si nyingi. Aliongoza kwaya ya kigango chao, akazaa mtoto mmoja wa kiume, hakuolewa. Kila nilipokwenda alinipapasa uso, akasema nimenenepa, hata nilipokuwa nimekonda.

Tulizika saa tisa alasiri. Nilisimama nikiwatazama wadogo zake, sasa watu wazima, wawili na mvi, walipolibeba jeneza kwenye njia ya mawe iliyobanwa na mihogo pande zote, na hakuna aliyejikwaa. Baada ya mazishi niliingia ndani kumpa mama pole. Amezeeka sana, ameketi kwenye mkeka na wanawake wa jumuiya. "Shikamoo, mama," nilisema. Aliushika mkono wangu, akanivuta nikae karibu. "Marahaba. Wewe ndiye wa Mbinga, wa ile mashine." Nikasema ndiyo. "Umewaona wadogo zake? Wote wanne wanaona. Yule wa mwisho anashona nguo, anatunga uzi mwenyewe, jioni, kwa taa ya koroboi." Aliusogeza uso wake karibu na wangu. "Miaka yote hii niliogopa. Baba yao amekufa akiogopa. Basi ilikuwa mashine, mwanangu. Sivyo?"

Oswin alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na alisikia. Alitazama chini.

"Ilikuwa mashine, mama," nikamwambia.

Aliuachia mkono wangu, akawaambia wanawake wanipishe nafasi, na akaagiza niletewe chakula.